Watoto wa jirani wakija kucheza kwako: mti wapande au wasipande?



Shule zikifungwa, maswali tunayoulizwa sisi wahudumu wa afya ya jamii hubadilika. Miezi mingine tukipita nyumba kwa nyumba tunaulizwa zaidi habari za homa, kuhara, vyandarua na lishe. Likizo ikianza, hasa ikiangukia msimu wa maembe, tunaulizwa habari za watoto walioanguka. Na mara nyingi anayeuliza hasemi juu ya mtoto wake mwenyewe. Anasema juu ya mtoto wa mwenzake: "Watoto wa jirani wako hapa kwangu tangu asubuhi. Wanapanda huu mwembe, wanaruka kutoka juu ya rundo la tofali. Mmoja akivunjika, mimi nitamwambia nini mama yake?"

Swali hilo ni la afya na ni la ujirani pia. Hapa Nyarugusu, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1996, tumeishi nyumba zikiwa karibu karibu. Sisi vijana tuliozaliwa hapa tulikula na kucheza katika nyumba nyingi ambazo si zetu. Mama akienda kwenye mgao, akienda kutafuta kuni, au akilazwa hospitali na mtoto mdogo, wale wakubwa wanabaki kwa jirani na hakuna anayehesabu. Kuhesabu huanza siku mtoto anapoumia. Hapo ndipo huulizwa aliumia kwa nani, nani alikuwepo, nani alimruhusu. Mkono wa mtoto ukivunjika na kutibiwa vizuri, kwa kawaida huunga baada ya wiki kadhaa. Ujirani uliovunjika siku hiyo hiyo unaweza kukaa miaka bila kuunga.

Wanaofukuza na wanaoachia

Katika matembezi yetu tunakutana na wazazi wa aina mbili. Wa kwanza hufukuza. Akiona watoto wa watu wamekusanyika chini ya mti wake, anachukua ufagio: "Nendeni kwenu, sitaki kesi." Wa pili huachia yote. Anakaa ndani, anasema watoto ni watoto, na ukimuuliza atakujibu kwa methali: mtoto akililia wembe, mpe. Methali hiyo wazee walikuwa na maana yao kuisema, lakini sidhani walikusudia wembe wa mtoto wa jirani.

Huyu anayeachia tutamrudia. Kwanza tuseme juu ya anayefukuza, kwa sababu ndiye anayeonekana kuwa mwangalifu zaidi, na wengi wetu tungemsifu.

Watoto waliofukuzwa hawaendi kwao kukaa kitako. Mama yao hayupo, ndiyo maana walikuja kwako. Wakitoka hapo wanatafuta mahali ambapo hakuna mtu mwenye ufagio. Mahali pa namna hiyo katika kambi tunapajua: kwenye mashimo yaliyochimbwa udongo wa tofali, kwenye kijito, kwenye barabara ya malori, porini. Mvua za huku kwetu huanza Oktoba au Novemba na kuendelea mpaka Aprili au Mei, na miezi yote hiyo mashimo ya tofali yanajaa maji ya rangi ya chai ya maziwa. Huwezi kuona kina chake. Kingo zake zinateleza kama sabuni. Mtoto akiingia, hata anayejua kuogelea anaweza kushindwa kutoka.

Kwa hiyo ukilinganisha, mwembe wa nyumbani kwako, ukiwa umekaa chini yake unachambua sombe, ni mahali pa usalama kuliko huko ulikowafukuzia. Hatusemi hivi ili kila mtu afungue kiwanja chake kwa watoto wa zoni nzima. Mwenye mgonjwa ndani, mwenye mimba kubwa, mwenye kazi ya kushona anayo haki ya kusema leo hapana. Lakini aseme mapema, na ikiwezekana amwambie mtu mzima wa watoto hao, ili wasiende kusikojulikana.

Kwa nini watoto wanapenda michezo ya kutisha?

Kuna mtafiti wa Norway, Ellen Beate Hansen Sandseter, ambaye mwaka 2007 alichapisha kazi yake juu ya michezo ya namna hii, baada ya kuwatazama watoto wa chekechea na kuongea nao pamoja na walimu wao. Aliigawa katika mafungu sita. Kupanda juu. Kwenda kwa kasi. Kutumia vitu vyenye makali. Kucheza karibu na moto au maji. Kupigana mieleka ya utani. Na kujificha mbali na macho ya wakubwa. Mtu akisoma orodha hiyo atadhani mama huyo alikuwa amekaa hapa kwetu. Watoto wetu wanapanda miti, wanashuka mteremko na chukudu za mbao walizochonga wenyewe kama zile za Goma, wanachonga manati kwa kisu cha jikoni, wanachoma mahindi, wanapigana mieleka kwenye majani, wanacheza kombolela mpaka giza linaingia.

Mtoto anapopanda tawi la kwanza, akaogopa, akasimama, akaangalia, kisha akaamua kuendelea au kushuka, anajifunza kupima. Anajua mkono wake una nguvu kiasi gani na woga wake unamwambia nini. Mtoto aliyezuiwa yote hayo hakosi siku ya kupanda. Atapanda akiwa na miaka 12, mti mrefu zaidi, mbele ya wenzake, bila kujua kupima. Mwezi Januari 2024 chama cha madaktari wa watoto cha Kanada kilitoa mwongozo kinachosema watoto wanahitaji kupewa nafasi ya michezo ya kuthubutu nje ya nyumba, kwa ajili ya afya ya mwili na ya akili, na kwamba kazi ya mtu mzima ni kuondoa hatari ambazo mtoto hawezi kuziona. Na Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi tuliyotoka iliuridhia mwaka 1990 ikiwa bado inaitwa Zaire na Tanzania ikauridhia mwaka 1991, unataja katika kifungu cha 31 haki ya mtoto ya kupumzika na kucheza. Mkataba hausemi wavulana peke yao. Nalisema hili kwa sababu wasichana wetu wakipanda mti wanaambiwa washuke haraka, na sababu inayotolewa haihusu kuanguka.

Hatari inayoonekana na hatari iliyojificha

Tukielewa tofauti hii, mambo mengine yanakuwa mepesi. Urefu wa mti ni hatari inayoonekana. Mtoto wa miaka 8 anauona, anauogopa, anaweza kuamua. Tawi lililooza ndani huku nje lina gome zuri ni hatari iliyojificha. Chupa iliyovunjika chini ya majani, msumari kwenye ubao, waya wa kuanikia nguo uliofungwa kwenye kimo cha shingo ya mtoto anayekimbia, shimo la takataka lililofunikwa na kipande cha shitingi, sufuria ya maji ya moto nyuma ya mlango, nyumba ya nyoka kwenye rundo la kuni: hizi zote mtoto hazioni. Hapo hawezi kupima chochote. Ni mtu mzima anayepaswa kuziona kabla yake.

Zunguka kwako mara moja kwa wiki na utazame kwa macho ya mtoto mdogo. Ukiinama kidogo ndiyo bora, maana ule waya wa nguo hutauona ukiwa umesimama. Shimo la takataka lizungushiwe miti au lifunikwe kwa mbao imara. Shitingi si mfuniko, ni mtego. Panga, jembe, wembe na dawa ziwe juu. Ndoo za maji ziwe na vifuniko. Kazi hii haichukui hata nusu saa.

Mtoto mgeni si sawa na mtoto wa nyumbani

Mtoto wako anajua kwamba tawi la upande wa choo halishiki. Alishaambiwa, au alishaanguka nalo. Mtoto wa mgeni hajui. Hajui pia kwamba mbwa wenu hapendi kukimbiliwa, wala kwamba nyuma ya jiko kuna makaa ambayo bado yana moto. Zaidi ya hapo, mgeni anataka kukubaliwa. Wenyeji wakimwambia "wewe mwoga", atapanda mahali ambapo kwao asingepanda. Kwa hiyo watoto wa wageni wakifika, hata wale ndugu waliotoka zoni nyingine kuja kulala siku mbili, watembeze kwanza. Waonyeshe: hapa mnacheza, hapa hamfiki, tawi hili hapana. Mwambie mtoto wako mbele yao kwamba hapa kwetu hakuna kumcheka aliyekataa kupanda. Maneno hayo yakitoka kwa mtu mzima yana nguvu.

Wewe nawe humjui mtoto huyo. Hili ndilo jambo tunalotaka wazazi walishike kuliko mengine, kwa sababu linaweza kugharimu maisha. Mtoto mwenye kifafa, ambaye hajapata degedege miezi mitatu, anaonekana mzima kabisa. Akiwa juu ya mti, au kando ya maji, au karibu na jiko la moto, kifafa kikimkuta hapo ndipo balaa. Mtoto mwenye sikoseli akikimbia juani siku nzima bila kunywa maji, au akicheza kwenye maji ya baridi, anaweza kuanza kuumwa mifupa vibaya sana usiku. Mtoto mwenye pumu anaweza kubanwa kwa vumbi na moshi. Mtoto aliyetoka kuugua malaria wiki hii bado hana nguvu mikononi. Kuna na yule asiyeona vizuri jioni.

Wazazi wengi huficha kifafa kwa sababu ya aibu na maneno ya watu. Tunawaelewa. Lakini mtu unayemwachia mtoto wako mchana mzima anastahili kujua. Si lazima ajue kijiji kizima. Mwambie yeye peke yake. Na wewe uliyeambiwa, usiligeuze kuwa habari ya kisimani. Kifafa hakiambukizwi kwa mate wala kwa kushikana, na mtoto huyo anaweza kucheza na wenzake mpira, kamba, nage na michezo mingine mingi ya ardhini. Anachohitaji ni kutopanda juu na kutokwenda majini bila mtu mzima wa kumshika.

Semezaneni kabla

Mazungumzo ya dakika tano yanaweza kuzuia kesi ya miezi mitano. Mfano wake ni kama huu:

"Jirani, watoto wako wakija kwangu wanapanda mwembe. Mimi huwa nawaruhusu mpaka tawi la pili, nikiwa nipo. Wewe unasemaje?"

"Huyu mkubwa apande, amezoea. Huyu wa katikati hapana, nitakueleza sababu. Na huyu mdogo asisogee kwenye jiko, ana mikono myepesi."

"Sawa mama. Na nikitoka nitawaleta kwako au kwa bibi yao."

Hapo mmeshakubaliana mambo matatu makubwa: nini kinaruhusiwa, nani haruhusiwi, na watoto wanakwenda kwa nani mwenyeji akitoka. Kama mama mwingine anakataza kabisa, mheshimu. Mtoto wake asipande hata kama wako anapanda, na mtafutie kazi ya heshima chini: awe mwamuzi, awe mhesabu, awe mpokeaji wa maembe. Asikae tu anatazama.

Baba nao waseme. Mara nyingi mama wawili wameelewana, mtoto anaumia, halafu baba aliyekuwa hajui lolote ndiye anayekwenda kupiga hodi kwa hasira.

Mti

Kwa kuwa mti ndio unaoleta maswali mengi, tuueleze kwa urefu. Kanuni ya kwanza ni kwamba mtoto apande mwenyewe na ashuke mwenyewe. Usimnyanyue ukamweka kwenye tawi ambalo hakuweza kulifikia. Kama mikono yake haikumpandisha, haitamshusha. Wakubwa wanaponyanyua wadogo ili "nao wafurahi" ndipo wadogo wanapoanguka.

Wekeni alama. Sisi tunashauri kitambaa chekundu kifungwe kwenye tawi la mwisho linaloruhusiwa. Kwa watoto wa miaka 6 hadi 9 kimo cha mtu mzima kinatosha sana. Chini ya mti pasiwe na tofali, mawe, visiki wala jembe lililolazwa. Majani makavu yakilundikwa hapo ni bora kuliko udongo mtupu uliofagiliwa mpaka ukawa mgumu kama sakafu, ingawa tunajua mama zetu wanapenda kiwanja kilichofagiliwa. Geuzeni hayo majani kwanza kwa fimbo ndefu, msije mkawa mmemwandalia nyoka kitanda.

Mvua ikinyesha, mti umefungwa mpaka ukauke. Mtoto asipande akiwa na kijiti cha pipi, mswaki au muwa mdomoni. Asipande na kitenge au kamba shingoni. Na asipande, tafadhali, akiwa na mtoto mgongoni. Hili tunaliona sana: msichana wa miaka 9 anakuja kucheza kwa jirani akiwa amebeba mdogo wake, wenzake wanaruka kamba, naye anaruka, kichwa cha mtoto kinatikisika nyuma. Mwenyeji mwema atampokea yule mdogo amlaze kwenye mkeka, ili dada naye awe mtoto kwa saa moja.

Moto, makali, mwendo na maji

Kuchoma mahindi au viazi kwenye moto mdogo ni jambo watoto wa miaka 8 na kuendelea wanaweza kufanya mtu mzima akiwa amekaa nao, ndoo ya maji ikiwa pembeni. Nguo ndefu zifungwe. Betri, makopo yaliyofungwa na plastiki visitupwe motoni kabisa, vinalipuka au kutoa moshi wa sumu. Kisu: mtoto akae chini, achonge kuelekea nje, wengine wakae mbali naye kwa urefu wa mkono. Manati yasilenge mtu wala nyumba. Jicho likipasuka halirudi. Baiskeli ya mtu mzima ambayo mtoto anaiendesha kwa kupitisha mguu chini ya mtaimbo, kwanza tazama breki, halafu mpeleke mahali tambarare, si kwenye mteremko unaoishia barabarani. Chukudu vivyo hivyo.

Maji ni tofauti na hayo yote. Hapo hatusemi "ruhusu kidogo kidogo". Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2021 watu wapatao 300,000 walikufa maji duniani, na karibu robo yao walikuwa watoto wa chini ya miaka 5. Mtoto mdogo anaweza kufa kwenye maji ya kina cha sentimita chache tu, ndani ya ndoo au beseni. Na anakufa kimya. Watu wengi wanadhani atapiga kelele. Hapigi, kwa sababu anayezama hana pumzi ya kupigia kelele. Kwa hiyo watoto wa watu waliopo kwako wasiende kwenye shimo la tofali wala kijito, hata kama wako amezoea. Waliochimba mashimo karibu na nyumba wayafukie kabla ya mvua, au wayazungushie uzio wa miba. Mkiona shimo lililoachwa, mwambieni kiongozi wa kijiji.

Nani anatazama? Wa chini ya miaka 5, ukiwa karibu na moto au maji, awe mahali ambapo mkono wako unamfikia. Wa miaka 5 hadi 9 awe machoni pako. Waliozidi hapo, angalau uwasikie. Dada wa miaka 8 si mlezi wa watoto sita. Anaweza kukusaidia, lakini huwezi kumwachia.

Mtoto akiumia

Akianguka, usimnyakue juu haraka. Muite jina. Akiwa hajibu, au anasema shingo au mgongo unauma, au hawezi kusogeza miguu, mwache alipo, mtu mmoja ashike kichwa kisitikisike, mwingine akimbie kuita msaada. Abebwe juu ya mlango au ubao mpana, watu kadhaa wakinyanyua kwa pamoja. Kama hajitambui lakini anapumua, mgeuze ubavu taratibu, kichwa na mwili vikienda pamoja, ili matapishi yasimzibe.

Mkono au mguu uliovimba au kupinda usivutwe na usikandwe. Weka kijiti kilichonyooka au katoni ngumu pembeni, funga kwa kitambaa bila kubana, kisha nenda kituoni. Tazama vidole. Vikiwa baridi, vyeupe, vya bluu au vimekufa ganzi, legeza. Wapo wanaokwenda kwanza kwa mtu wa kuunga mifupa, anafunga miti kwa nguvu, na vidole vinaanza kuwa vyeusi. Ukifika kituoni kwa kuchelewa namna hiyo, mkono wenyewe unaweza kukatwa.

Jeraha linalotoka damu likandamizwe kwa kitambaa safi. Damu ikikata, lioshwe kwa maji safi na sabuni. Usitie udongo, majivu, unga wa betri wala kinyesi cha ng'ombe. Ukienda kituoni beba kadi ya kliniki ya mtoto, ili waone kama chanjo ya pepopunda imekamilika. Aliyeungua amwagiwe maji safi ya kawaida kwa dakika 20, nguo na bangili zivuliwe kama hazijagandana na ngozi, kisha afunikwe kitambaa safi. Dawa ya meno, mafuta, mayai na unga visiguse kidonda cha moto.

Aliyezama mtupie dumu tupu lililofungwa mfuniko, likiwa na kamba. Dumu linaelea na linaweza kumshikilia. Usiruke majini kama hujui kuogelea. Akitolewa bila kupumua, usimninginize kichwa chini wala kumbonyeza tumbo. Mlaze chali, inua kidevu, mpulizie pumzi 5, kisha kandamiza kifua mara 30 na pumzi 2, uendelee hivyo huku wengine wakiita gari la wagonjwa.

Usifiche

Sasa tumrudie yule anayeachia yote. Shida yake kubwa huja baada ya ajali, kwa sababu hakuwepo, na hana la kueleza. Hapo shetani wa kuficha huingia.

Tulikutana na hali kama hii katika familia mbili za jirani. Mtoto wa miaka 7 alianguka kwa jirani kutoka kwenye paa la banda, akapiga kichwa. Alilia kidogo, akanyamaza, akaonekana mzima. Waliokuwa hapo walimpa pipi, wakamwambia asiseme nyumbani. Usiku akaanza kutapika na kulala usingizi mzito. Wazazi wake wakafikiri ni malaria, maana dalili za kutapika na kulegea ndizo wanazozijua. Wakamfunika, wakangoja asubuhi. Asubuhi dada yake mdogo ndiye aliyetoboa siri. Mtoto alipelekwa hospitali na akapona, lakini masaa yote ya usiku ule yalipotea bure. Familia zile ziliacha kusalimiana kwa muda mrefu, na tulipowasikiliza wazazi, hasira yao haikuwa juu ya kuanguka. Ilikuwa juu ya pipi.

Kwa hiyo mtoto wa mtu akiumia kwako, hata kama ni kidogo, peleka habari siku hiyo hiyo, na upeleke wewe mwenyewe au mtu mzima mwingine. Usimrudishe mtoto peke yake na habari yake. Sema mambo manne: alianguka kutoka wapi, saa ngapi, alipiga sehemu gani, na alifanya nini baada ya hapo. Mhudumu kituoni atauliza hayo hayo. Usianze kwa kusema nani wa kulaumiwa. Na wewe unayeletewa habari, pokea kwanza, muangalie mtoto kwanza. Maneno ya mti una mambo yake, au ya fulani ametegwa, yasitangulie kituo cha afya.

Aliyepiga kichwa aangaliwe kwa saa 24. Anaweza kulala, lakini mwamshe mara kadhaa usiku uone kama anakujua. Mpeleke mara moja, hata kama ni usiku wa manane, ukiona anatapika zaidi ya mara moja, haamki vizuri, anachanganyikiwa, anapata degedege, damu au maji meupe yanatoka puani au sikioni, kichwa kinazidi kuuma, au upande mmoja wa mwili umelegea. Usiku muone kiongozi wa kijiji au sungusungu wa zamu wakusaidie kubeba na kuita gari.

Kama mmeshindwa kuelewana baada ya ajali, pelekeni neno kwa wazee wa usuluhishi wa kijiji kabla halijafika mbali. Na kama mnataka kujifunza kufunga mkono uliovunjika, waiteni majirani watano au sita siku moja jioni na mtuambie. Tutakuja na katoni. Kitenge leteni ninyi.